Mcheza Kwao Hutunzwa: Juu ya Santuri Zetu Zisizosikilizwa

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hufundishwa shuleni kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitika, na mwanafunzi huiandika daftarini pamoja na maana yake, kwamba mtu atendaye jambo jema mbele ya watu wake hapati hasara. Lakini methali ni kama shahidi. Haifai kuaminiwa kwa sababu ya uzee wake tu. Katika insha hii tunakusudia kuihoji methali hiyo kwa kutumia santuri, yaani zile sahani, kanda na albamu za muziki zilizotengenezwa na wanamuziki wa nchi yetu, nyingine kwa gitaa la umeme na nyingine kwa ilimba na zeze, ambazo zilisifiwa ugenini au zikanyamaza kabisa, na ambazo hapa kwao ni wachache sana wawezao kuzitaja.

Hapana budi tuanze na neno lenyewe. Kutunza kuna maana mbili, nasi tumezizoea kiasi cha kutoziona tena. Maana ya kwanza ni kuhifadhi: mtu hutunza nguo, hutunza fedha, hutunza hati ya shamba. Maana ya pili ni ile ya uwanjani. Ngoma inapokolea, mtu huinuka alipoketi, akapenya katikati ya watu, akamfikia mchezaji, akambandika noti kwenye paji la uso au akamtupia khanga begani, kisha akarudi mahali pake huku naye akicheza kidogo. Huko ndiko kutunza kunakosemwa na methali. Tofauti baina ya maana hizi mbili si ndogo. Mwenye kuhifadhi aweza kuwa bawabu wa ghala, naye hana haja ya kujua ladha ya mchele uliomo maguniani. Mwenye kutunza uwanjani lazima awepo, lazima asikie, na lazima wenziwe wamwone kuwa amesikia.

Basi swali letu ni hili. Je, taifa laweza kusema kwamba muziki fulani ni utamaduni wake, ikiwa taifa hilo limeuhifadhi lakini halijausikia? Na ikiwa wageni ndio walioinuka na kuingia uwanjani, je, deni letu limelipwa, au limeongezeka?

Tuchukue kwanza mfano wa kundi la Sunburst. Kundi hili lilianzishwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, nalo lilipiga muziki wa roki uliochanganywa na midundo ya Kiafrika, likiimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mwaka 1973 lilirekodi nyimbo katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na mwaka 1976, likiwa nchini Zambia, likatengeneza albamu yake ya pekee iitwayo Ave Africa. Halikudumu sana baada ya hapo. Ikapita miaka 40. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ilizikusanya nyimbo zote za kundi hilo, pamoja na zile za redioni zilizokuwa hazijapata kutolewa, ikazichapa upya kwa wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani. Magazeti ya huko yakaandika kwa mshangao kwamba kumbe Tanzania nayo ilikuwa na roki. Mshangao huo si wa kuwalaumu wao. Na hapa kwetu pia wengi wangeshangaa.

Yatupasa kukumbuka vijana wale walianza katika wakati gani. Mwezi wa Desemba 1962, alipokuwa Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba ukoloni ulikuwa umetufundisha kuzionea haya ngoma zetu na kujivunia dansi za wageni. Masikitiko hayo yalikuwa ya haki kabisa. Lakini kutokana nayo kulizaliwa pia hukumu za haraka. Mwezi wa Novemba 1969 wakuu wa Serikali walipiga marufuku muziki wa soul mjini Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unawapotosha vijana. Nia ilikuwa kulinda. Tatizo ni kwamba sikio halikuulizwa. Marufuku ya namna ile haimtofautishi kijana anayeiga na kijana anayejifunza, wala haisubiri kuona kile anachojifunza kitakuwa nini mikononi mwake. Jirani zetu wa Zambia walifika penginepo kwa njia nyingine. Huko katika miaka ya 1970 Rais Kaunda aliagiza kwamba redio ipige hasa muziki wa nchi yao; na vijana wao, waliokuwa wamelelewa na roki ya Uingereza na Marekani, wakaitikia agizo hilo kwa kutunga roki ya Kizambia, wakina WITCH na Amanaz, yenye gitaa kali na maneno ya nyumbani. Nayo ilisahauliwa, nayo ikafufuliwa na wageni miaka mingi baadaye. Sera mbili tofauti, lakini sahani zikaishia katika vumbi moja.

Wapo watakaouliza kama roki yaweza kuwa yetu kwa vyovyote, maana gitaa la umeme halikuchongwa kwa mti wa Handeni. Tunawaomba watazame mwambao huu wa kaskazini, kutoka Bagamoyo kupita Saadani na Pangani hadi Tanga. Taarabu ni fahari ya pwani, wala hakuna anayeitilia shaka kuwa ni yetu. Lakini vilabu vya Tanga, Black Star na Lucky Star, ndivyo vilivyoipunguza ile okestra kubwa ya fidla na kanuni, vikaleta gitaa na besi, vikaupa wimbo mwendo wa dansi. Na sauti ya Bi Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016, ilipanda juu ya gitaa hizo bila kupoteza hata chembe ya Uswahili wake. (Na hao pia, albamu yao inayojulikana zaidi duniani, Nyota, ilitolewa na kampuni ya Uingereza mwaka 1989.) Kama gitaa lilikuwa halali kwa mashairi ya mapenzi ya Tanga, hatuoni kwa nini liwe haramu kwa vijana wa Dar es Salaam waliotaka kupiga kelele. Ala haina kabila. Lenye kabila, kama lipo, ni sikio la yule anayeipiga na la yule anayeisikiliza.

Tena kuna jambo la ajabu katika ile albamu ya Sunburst. Miongoni mwa nyimbo zao umo uitwao Enzi za Utumwani. Mwalimu wa historia huwachukua wanafunzi wake hadi Bagamoyo, akawaonyesha magofu ya Kaole, akawapeleka kwenye misheni ya zamani na penye nyumba ya misafara, akawaeleza jinsi jina la mji lenyewe linavyobishaniwa: wengine wakisema ni wapagazi waliobwaga mioyo yao kwa furaha ya kufika, wengine wakisema ni watumwa waliokata tamaa walipoiona bahari. Mwalimu huyo hana habari kwamba vijana wa nchi hii, wenye nywele ndefu na gitaa za umeme, walikwisha kulishika jambo hilo hilo katika santuri. Si kosa lake. Hakuna aliyempa.

Kwa nini hakuna aliyempa? Sababu nyingine ni za kawaida sana, nazo hatutakaa nazo kwa muda mrefu. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani. Shirika la Filamu Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1968, lilipewa pia jukumu la santuri, lakini kazi kubwa ya uchapaji iliendelea kufanyika Nairobi. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ukafungwa, hata njia hiyo ikawa nyembamba. Kilichobaki ni redio. Bendi ilikwenda studio za Radio Tanzania, ikarekodi, wimbo ukarushwa hewani, kanda ikawekwa rafuni. Patrick Balisidya na bendi yake ya Afro 70, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na wengine wengi ambao majina yao wazee wetu huyataja kwa kutabasamu, wote walipitia mlango huo. Pasingekuwapo redio ile leo tusingekuwa na lolote la kuzungumzia. Hilo lazima lisemwe kwanza, na lisemwe kwa shukrani. Lakini rafu ya kanda ndiyo kutunza kwa maana ya kwanza. Imehifadhi sauti, na wenye sauti wengi walizeeka bila kupata hata nakala ya kazi yao wenyewe ya kuwaachia watoto.

Sasa tuje Bagamoyo kwenyewe, maana hapo ndipo methali yetu inapobanwa hasa.

Mwaka 1981 kilianzishwa Bagamoyo Chuo cha Sanaa, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Miongoni mwa walimu wake alikuwamo Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa Dodoma, fundi wa ilimba na zeze, mwenye sauti iliyoweza kuanzia chini kabisa kifuani na kupaa hadi mahali ambapo msikilizaji huanza kumtafuta mwanamke anayeimba, na asimwone. Alipofariki Bagamoyo mwezi wa Desemba 2003, alikuwa amekwisha kupiga muziki katika majumba makubwa ya Ulaya, Asia na Marekani. Orodha ya albamu zake ingekuwa fahari ya mwanamuziki yeyote: Tanzania Yetu ya mwaka 1985, iliyotolewa Uingereza, Chibite ya mwaka 1996, iliyotolewa na kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, mwanamuziki wa roki, na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Assembly, aliyoifanya pamoja na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook.

Tunapenda kukaa kidogo na hii ya mwisho, kwa kuwa tunaamini ndiyo albamu iliyodhulumiwa kuliko zote. Wapenzi wa ngoma za asili waliikwepa kwa sababu ina gitaa la umeme na mitambo; wapenzi wa roki hawakuijua kwa sababu anayeimba ni Mgogo na anaimba kama Mgogo. Ilianguka katikati. Ukiisikiliza kwa makini, utaona kwamba Brook hakujaribu kumvisha mzee suti. Ilimba ndiyo inayotembea mbele, kwa ile desturi yake ya kurudia rudia kifungu kimoja mpaka masikio yasahau kwamba kinarudiwa. Gitaa huja nyuma yake kwa sauti ndefu zisizo na haraka, kama upepo unaopita juu ya uwanda wa Dodoma wakati wa kiangazi. Kuna mahali ambapo hutajua ni uzi wa zeze au wa gitaa unaolia. Kwa maoni yetu huo ni ushahidi, ulio bora kuliko hotuba, kwamba muziki wa asili si kitu cha kale kinachohitaji kulindwa dhidi ya wakati wa sasa. Mzee Zawose hakulindwa na mtu. Aliingia studio na mgeni, wakazungumza kwa ala, na hakuna aliyemmeza mwenzake.

Je, mcheza huyu alitunzwa kwao? Kwanza tutauliza, kwao ni wapi. Mwenyeji wa Bagamoyo aweza kusema kwamba Zawose ni wa Dodoma. Mtu wa Dodoma aweza kusema kwamba alihamia pwani. Lakini barabara ya misafara iliyoishia Bagamoyo ilikuwa ikipita Ugogo tangu karne ya 19, ikiwashusha wapagazi na pembe za ndovu hadi baharini. Kwa hiyo ilimba iliposhuka kwa njia hiyo hiyo na kuweka makazi mjini, haikuwa imepotea njia. Kwao ni hapa. Na hapa, tukisema kweli, wako watu wengi waliomjua kwa jina, wakamwona jukwaani siku za sherehe, wakampigia makofi. Ila kumpigia makofi mtu katika gwaride la sherehe si sawa na kukaa na albamu yake usiku mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho. Tulimfanya nembo. Nembo huonekana, haisikiki.

Hatari hii ya kugeuza mtu kuwa nembo ni ya zamani katika pwani yetu. Siti binti Saad wa Zanzibar alivuka bahari mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili katika sahani. Kila mwanafunzi aliyesoma Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert analijua jina lake, umaskini wa asili yake na heshima aliyoipata. Ni wangapi kati yao wamepata kuisikia sauti iliyosababisha kitabu kiandikwe? Kitabu kilifanya kazi yake vizuri mno, hata kikakaa mahali pa sauti.

Hapa msomaji mwenye busara atatupinga, nasi tungependa atupinge. Atasema kwamba kusahau ni sehemu ya maisha; kwamba kila mwaka hutungwa nyimbo elfu, na kama zote zingekumbukwa pasingekuwa na nafasi ya kutunga mpya. Atasema pia kwamba huko Ulaya kumezuka biashara ya kufukua sahani za Afrika, na kila iliyofukuliwa huitwa lulu, kwa kuwa lulu ndiyo inayouzika. Tunamkubalia. Si kila kilichosahauliwa kilidhulumiwa. Hata katika Ave Africa zimo nyimbo ambazo, kwa masikio yetu, zinaiga tu yale yaliyokuwa yakivuma wakati ule, na zingesahauliwa hata kama zingepigwa redioni kila siku. Lakini tazama kwamba hukumu hiyo tumeweza kuitoa baada ya kusikiliza. Anayesahau baada ya kusikia ametoa hukumu. Anayesahau kabla ya kusikia hakuhukumu chochote, amepita tu. Wanamuziki wetu wengi hawakushindwa mbele ya baraza. Baraza halikuketi.

Na kuhusu wageni, hatuoni sababu ya kuwaonea wivu wala ya kuwanung'unikia. Walioinuka na kuingia uwanjani walifanya lililo jema, hata kama baadhi yao walipata faida. Ila kuna kitu ambacho hawawezi kutufanyia. Msikilizaji wa London aweza kuipenda sauti ya Zawose kuliko sisi. Hawezi kuchekeshwa na fumbo lake, wala kujua kwamba wimbo huu huimbwa wakati wa mavuno na ule wakati wa jando, wala kukasirika pale mwimbaji anapomsema jirani. Akiwa peke yake uwanjani, muziki hubaki nusu. Kutunzwa ugenini ni riziki, na riziki haikataliwi. Lakini hakumwondolei mtu njaa ya kutunzwa na wale anaowasema.

Kwa walimu tungependa kupendekeza jambo moja dogo. Siku hizi nyimbo hizi hazihitaji tena mashine ya santuri wala ruhusa ya kuingia ghalani. Nyingi hupatikana kwa simu ya mkononi, na spika ndogo yatosha darasa zima. Mwalimu wa Kiswahili atenge kipindi kimoja. Apige wimbo mmoja mara tatu, bila kutaja jina la mwimbaji wala sifa zake, na wanafunzi waandike walichosikia: ala gani, mwendo gani, maneno gani waliyoyashika na yapi yaliwapita, nani anaulizwa na nani anajibu. Waruhusiwe kusema kwamba hawaupendi, mradi waseme kwa nini. Jina na historia vije mwisho. Tunajua kuwa mtihani hauulizi mambo haya, na kwamba kipindi kimoja si kitu kidogo katika muhula; walakini tunadhani somo la fasihi simulizi lisilo na sauti hata moja ni kama somo la kuogelea ubaoni.

Na wimbo wa kuanzia si lazima uwe wa marehemu. Katika desturi ya Wagogo wanawake ndio wapigao ngoma za muheme, lakini katika vikundi vilivyokwenda ng'ambo mara nyingi walisimama nyuma wakiitikia. Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Mzee Hukwe, waliitikia hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 2024 walisimama mbele kwa jina la The Zawose Queens, wakatoa albamu iitwayo Maisha kupitia kampuni ile ile ya Real World. Ilirekodiwa Bagamoyo, nje, mahali pa wazi. Wenyewe wanaishi mjini humo humo, na shule za sekondari ziko karibu.